Siku Mbaya za Leeds

Chumba changu kilikuwa ghorofani, upande wa nyuma wa nyumba ya matofali mekundu yaliyogeuka meusi kwa masizi, mtaa wa Chapeltown, Leeds. Kilikuwa na kitanda, kabati lisilofungika, na jiko dogo la gesi la kupashia joto, ambalo haliwaki mpaka mita yake uilishe sarafu. Mita ile ilikuwa na ulafi. Usiku wa Desemba ukilala hujabakiza sarafu, unaamka pumzi inatoka moshi na kioo cha dirisha kimeganda kwa ndani.

Ulikuwa mwaka 1983. Nilitoka Tanga kwa ufadhili, kwenda kusoma uchumi. Nyumbani sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, serikali inawasaka wahujumu uchumi, na mimi nimevuka bahari kwenda kufundishwa kwa nini mambo yamekuwa hivyo. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwa cha St Kitts huko Karibi, kama walivyokuwa majirani zake wengi pale Chapeltown. Alikuja Uingereza kwa meli akiwa binti, akashona suti kiwandani, kisha akafanya usafi hospitalini. Nilimwita Mama, maana ulimi wangu uligoma kumtaja kwa jina mtu wa umri ule. Mwanzo alishangaa, halafu akazoea, naye akawa ananiita mwanangu.

Kila asubuhi alivuta pazia la jikoni, akatazama nje, akatamka neno moja: dismal. Hakulitamka kwa kulalamika. Alilitamka kama karani anayegonga muhuri kwenye fomu, kisha akageukia birika.

Nje palistahili muhuri huo. Mvua yenyewe haikuwa mvua ya kupiga ikaondoka, watu wakatoka kuokota maembe. Yalikuwa manyunyu yasiyo na mwanzo wala mwisho, mbingu zimeshuka hadi kwenye mabomba ya moshi, na rangi zote za dunia zimekuwa moja. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tulikuwa na tabu ya ziada. Nyumbani jua linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima, ukiongeza au kupunguza kidogo. Leeds, katikati ya Desemba, lilizama saa kumi kasorobo. Alasiri iliingia kabla ya saa nane, chakula cha mchana hakijatulia tumboni, na ukizubaa maktabani magharibi inakukuta ungali unatafuta ukurasa. Jua lililozama saa kumi kasorobo lilirudi asubuhi saa mbili imeshapita. Nilijaribu kumweleza Mama kwamba kwa saa za kwetu hilo ni jambo lisilowezekana, kwamba saa kumi ni wakati wa watoto kucheza mpira. Akasema Uingereza ina mengi yasiyowezekana, nile kwanza.

Neno lake nililielewa kwa ngozi kabla ya kulielewa kwa akili. Nilipotaka kumwandikia mtu nyumbani nilikosa la kulilinganisha nalo. Simanzi ni ya mtu, majonzi ni ya msiba, kiza ni kiza tu. Tanga sijasikia mtu akisema mbingu zina simanzi.

Muhula ulipoanza, mhadhiri wetu wa historia ya fikra za uchumi alitupokea kwa mzaha ambao, baadaye nilikuja kujua, wahadhiri wa uchumi wanaofundisha kwa Kiingereza hurithishana: karibuni kwenye sayansi iliyo dismal. Darasa likacheka. Akaeleza kwamba jina hilo wachumi walibandikwa na Thomas Carlyle, mwandishi Mskoti wa karne ya 19, aliyechukizwa na Thomas Malthus na maandiko yake ya 1798 kwamba watu watazaana kuliko chakula chao. Akapita akaenda kwenye mada. Mimi nikabaki na neno la Mama mdomoni mwa mhadhiri, na nikashindwa kuliacha.

Maktaba ya Brotherton ni ya duara, ina kuba na nguzo za marumaru ya kijani, imefunguliwa mwaka 1936. Niliipenda kwanza kwa joto lake, ambalo halikudai sarafu. Humo niliishusha ile kamusi kubwa ya Oxford aliyoihariri James Murray, juzuu la herufi D, zito la kubebwa kwa mikono miwili.

Kumbe neno halikuanza kama sifa. Lilianza kama jina la siku. Kilatini kilisema dies mali, siku mbaya, na Kifaransa cha Wanormani waliotawala Uingereza kikayafupisha maneno hayo yakawa dis mal. Mwaka 1256 Rauf de Linham, mtunzi wa shairi la Kifaransa la kufundishia kalenda, alieleza wazi kwamba watu wengi waliziita hivyo siku fulani, yaani siku mbaya. Zilikuwa mbili kila mwezi, 24 kwa mwaka. Hazikuwa siri ya waganga wa vichochoroni. Ziliandikwa kwenye kalenda zilezile zilizoandikwa sikukuu za watakatifu. Ziliitwa pia siku za Kimisri, kwa sababu ilisadikiwa kwamba wanajimu wa Misri ndio waliozihesabu, na wengine wakazihusisha na mapigo yaliyompata Firauni. Siku hizo haikufaa kumtoa mgonjwa damu wala kuanza jambo kubwa. Orodha zilitofautiana hapa na pale. Niliyoinakili mimi kwenye daftari ilianza na 1 na 25 Januari, ikapita 10 na 20 Aprili, 3 na 25 Mei, 1 na 30 Agosti, 3 na 22 Oktoba, ikaishia 7 na 22 Desemba.

Geoffrey Chaucer, katika shairi la kumwomboleza Blanche wa Lancaster aliyefariki 1368, alilitumia neno lingali jina, na akalitaja pamoja na mapigo kumi ya Misri. Huenda alikuwa akilichezea sikio, maana dix ya Kifaransa ni kumi. Kisha Kifaransa kikafifia vinywani mwa Waingereza, wakasahau kwamba siku imo tayari ndani ya neno. Wakaanza kusema dismal days, siku za siku mbaya. Hapo ndipo jina lilipogeuka sifa, na sifa haifungwi na kalenda. Ikatoka kwenye siku ikaingia kwenye sauti, kwenye nyuso, kwenye nguo za msiba, kwenye hali ya hewa. Ng'ambo ya Atlantiki ikaenda kudondokea kwenye kinamasi kikubwa mpakani mwa Virginia na North Carolina, kinachoitwa Great Dismal Swamp mpaka leo. William Byrd, aliyeongoza kazi ya kupima mpaka huo mwaka 1728, hakuona humo ila uchafu na mvuke wa maradhi. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia kwenye vijisiwa vya udongo mkavu ndani ya kinamasi hichohicho, wakaishi humo miaka na miaka, mbwa na wawindaji wao wakishindwa kuwafikia. Sidhani wao walikiona dismal.

Nilipofika kwenye zile siku 24 nilicheka peke yangu, mzee wa meza ya jirani akaniangalia. Maana mimi nimelelewa na mtu wa siku mbaya.

Mjomba wangu alikuwa mshona kanzu Ngamiani, barabara ya nane. Juu ya cherehani, kwenye rafu, alikuwa na kitabu chake cha falaki cha mkono, hati za Kiarabu kwa wino uliopauka, na watu waliokuja kupima kanzu waliishia kuuliza tarehe. Kwa hesabu yake kila mwezi wa mwandamo una siku saba za nuksi: ya 3, ya 5, ya 13, ya 16, ya 21, ya 24 na ya 25. Juu ya hizo kuna nge, zile siku mbili na ushei ambazo mwezi unapita kwenye buruji ya Akrabu, wakati ambao mwenye akili zake hafungi ndoa wala hapandi chombo. Tarehe yangu ya kwenda Uingereza walipanga wafadhili, na ikaangukia nuksi. Mjomba hakubishana na shirika la ndege. Alinitoa nyumbani na begi langu siku moja kabla, nikalale kwa shangazi mitaa michache mbele, ili safari ihesabike imeanza siku njema. Nikamwona ametosheka kabisa.

Sikuwahi kuamini mambo ya mjomba, na sikuwahi kumwambia. Lakini pale maktabani niliona jambo ambalo darasa la uchumi lisingenionyesha. Siku yake mbaya ilikuwa na mipaka. Inaingia magharibi, inatoka magharibi ya pili, na ukiijua unaikwepa, unalala kwa shangazi, mambo yanaendelea. Siku mbaya za Waingereza wa kale zilikuwa hivyohivyo, zimeandikwa kwenye kalenda, za kuhesabika. Walipoipoteza kalenda wakabaki na ubaya usio na tarehe, unaoweza kutanda kuanzia Novemba hadi Machi bila mtu kujua unatoka lini. Neno lilipolegea likazidi kuwa zito. Nilimhurumia Mama na pazia lake.

Alibaki Carlyle. Nilitaka kuona mwenyewe alivyomkasirikia Malthus, nikaagiza juzuu la Fraser's Magazine lenye toleo la Desemba 1849, lilimotoka lile jina. Nikasoma mara ya kwanza harakaharaka, mara ya pili polepole. Malthus na watu wake wanaozaana hawakuwa hoja kabisa. Makala ilihusu watu weusi wa visiwa vya Karibi.

Ni kweli Carlyle alikuwa ameyapaka mabishano ya Malthus neno hilihili miaka kumi kabla, kwenye kitabu chake cha 1839, kwa hiyo mhadhiri hakusema uongo mtupu. Lakini sayansi kwa jina lile aliibatiza 1849, kwa ugomvi mwingine. Sheria ya 1833 ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni ya Uingereza. Wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakupewa kitu, tena wengi walishikiliwa mashambani miaka kadhaa zaidi kwa jina la uanagenzi, hadi 1 Agosti 1838. Walipoachiwa, wengi walikimbia miwa wakalima vyakula vyao wenyewe, na wenye mashamba wakalia kwamba hawana vibarua. Wachumi wakawajibu: ongezeni ujira. Mtu ni mtu, naye atauza jasho lake kwa bei inayomridhisha. Carlyle aliliona jibu hilo ni ufukara wa roho. Yeye alitaka Mweusi alazimishwe kufanya kazi, kwa mjeledi ikibidi, na sayansi iliyodhani mambo ya wanadamu yataamuliwa na ugavi na mahitaji ndiyo aliyoibandika dismal. Aliwachora watu wa Karibi wamekaa kitako wanakula maboga, nyuso zimezama ndani ya maboga hadi masikioni. Maboga yalimkera mno. Yanarudi tena na tena mpaka unashuku kuna shida nyingine.

John Stuart Mill, mkubwa wa wachumi wa zama zile, alimjibu Januari 1850 katika gazeti hilohilo, kwa ukali ambao sikuutegemea kwa mtu mwenye vitabu vikavu kama vyake. Mwaka 1865, wakulima wa Morant Bay, Jamaica, walipoinuka na Gavana Edward Eyre akaua mamia, wawili hao walisimama tena pande mbili: Mill kwenye kamati iliyotaka gavana ashitakiwe, Carlyle kwenye kamati ya kumtetea.

Nilikaa na gazeti lile mpaka kengele ya kufunga. Habari hizo nilikuwa nazijua kwa sura nyingine. Zanzibar nako soko la watumwa lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria 1897, wenye mashamba wakafidiwa, na wakubwa wa Kiingereza wakajaza mafaili kwa hofu ya nani atachuma karafuu ikiwa mtu ana hiari ya kukaa kwake akalima muhogo. Wazee wetu wa Tanga walikuwa na ndugu Pemba na walisimulia. Sasa nilikuwa na sababu ya kukerwa na mzaha wa darasani. Wachumi wamelibeba tusi lile zaidi ya miaka mia, wanalivaa kwa kujidhihaki, na wamesahau kwamba walitukanwa siku waliposema jambo la maana kuliko mengi waliyosema baadaye. Mimi ningekuwa wao ningelichonga mlangoni pamoja na sababu yake.

Jumamosi Mama alikuwa na desturi ya supu. Watu wa kwao karibu wote walipika supu Jumamosi: nyama, viazi vikuu, ndizi, vidonge vya unga, na boga lililopikwa mpaka likayeyuka na kuupa mchuzi rangi yake. Niliinamia bakuli, nikamsimulia habari za Carlyle na maboga. Alisikiliza huku akichambua majani ya taimu. Akauliza bwana huyo alikuwa akilima nini. Nikamwambia hakuwa akilima, alikuwa akiandika. Akaitikia "mm", akaniongeza supu.

Baadaye, akiwa amekaa, alinieleza kwamba bibi yake kule St Kitts aliadhimisha Agosti Mosi kuliko Krismasi. Alivaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi usiku, akaenda kanisani, na hakugusa kazi ya mtu mwingine siku nzima. Nilipanda chumbani nikaleta daftari. Nikamwonyesha orodha ya Waingereza wa kale, mstari wa Agosti: tarehe 1 na tarehe 30. Siku ya bibi yake ilikuwemo, siku mbaya rasmi. Alivaa miwani akasoma mwenyewe, kidole kwenye karatasi.

"Mbaya kwa nani?" akauliza, akanirudishia daftari.

Asubuhi ya Jumapili alivuta pazia, akasema dismal, akaweka birika.

Machi 1984 wachimba makaa wa Yorkshire waligoma. Mjini watu walisimama na ndoo za kuchangisha, darasani tukachora mikunjo ya ajira, na nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi. Mchana ulikuwa umeanza kurefuka, alasiri imerudi kuwa alasiri. Tukaanza kuvua masweta. Halafu Aprili rafiki yangu mmoja alinipigia simu kutoka London, nyumba nzima ikasikia nikipiga kelele kwa Kiswahili: Waziri Mkuu wetu, Edward Sokoine, amefariki, ajali ya gari Morogoro, akitokea Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ilikuwa tarehe 12. Watanzania tuliokuwa Leeds tulikusanyika chumbani kwangu, tukalisha mita ile sarafu zote tulizokuwa nazo, tukakaa. Mmoja alilia waziwazi. Mama alituletea chai bila kuuliza ni nani. Usiku, walipoondoka, nilifungua daftari, sijui nikitafuta nini. Aprili ilikuwa na 10 na 20. Tarehe 12 haikuwa na alama yoyote.

Wiki hiyo nilimwandikia mjomba barua ndefu. Nilinakili zile siku 24 zote, mwezi kwa mwezi, nikamweleza zilivyoitwa za Kimisri na neno lilivyozaliwa humo. Nadhani nilitaka azicheke, au azipinge, au aseme lolote lenye uhakika.

Jibu lilifika Julai, kwenye karatasi nyembamba ya buluu, mwandiko umejaa hadi kwenye kingo. Wa baada ya salamu, aliandika, orodha ameipokea na ameishughulikia. Tarehe za jua hazifai kuhesabia nuksi, kwa kuwa nuksi inakwenda na mwezi, na mtoto mdogo wa chuoni analijua hilo. Kama kweli ni Wamisri basi walikuwa wamechoka. Hata hivyo amezilinganisha moja moja na zake kwa namba, na katika 24 ameona wamepatia tisa: ya 25 mara mbili, ya 3 mara tatu, na ya 5, ya 13, ya 16 na ya 21 mara moja moja. Ya 24 hawakuijua kabisa, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nisiache kumjulisha nikipata nakala nyingine. Tena nikirudi nimchukulie betri za redio, zile kubwa, maana za hapa hazipatikani na zikipatikana zinavuja, na kabla ya kukata tikiti nimwandikie mapema, aitazame nge iko wapi.